Rupia ya Mjerumani: Fedha ya Kale na Wanaoikusanya

Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania Bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, kuanzia mwaka 1890 hadi miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Ina upana wa milimita 30 hivi na uzito wa gramu 11.66. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, kama kwingineko nchini, kuna wanaoihifadhi kwa sababu iliachwa na babu, wanaoitafuta ili waiuze, na wachache wanaoikusanya kwa kujua ni nini hasa.

Historia ya sarafu hizi imo ndani ya lugha yenyewe. Neno fedha, lililotoka Kiarabu, ni jina la madini na pia ni jina la kitu cha kununulia. Pesa ni neno lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, kutoka kwa sarafu ndogo ya Kihindi. Hela ni Heller, sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoanza mwaka 1904. Ng'ambo ya mpaka wa Kasulu na Kibondo, Warundi nao huita pesa amahera, ingawa Mjerumani aliondoka kwao mwaka 1916. Mkusanyaji wa sarafu anakusanya vitu ambavyo majina yake bado yanatumika sokoni kila siku, lakini vyenyewe karibu vimetoweka.

Kabla ya rupia

Pwani ilizoea fedha zamani sana. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, waligundua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukiwa ardhini karibu na karne ya 11, pamoja na chache za dhahabu.

Katika karne ya 19 sarafu kubwa ya biashara ilikuwa riale. Iliyopendwa zaidi ilitengenezwa Austria, ikiwa na sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliiamini sura hiyo kiasi kwamba viwanda viliendelea kuipiga bila kubadili tarehe hata baada ya malkia kufariki, na bado inapigwa. Kwa hiyo riale yenye mwaka 1780 huenda ilitengenezwa karne ya 20. Tarehe yake haitaji umri wake, na hilo ni somo la kwanza kwa anayeanza kukusanya. Zanzibar nayo ilipata riale yake wakati wa Sultani Barghash bin Said, yenye mwaka wa Kiislamu 1299, yaani 1882. Hiyo ni adimu. Wengi hukutana tu na pesa ya shaba ya sultani huyo, yenye picha ya mizani.

Bara mambo yalikuwa tofauti. Katika soko la Ujiji, miaka ya 1870, bidhaa zilinunuliwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine, na majembe ya chuma nayo yalikuwa mali. Katika falme za Waha, kama Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe. Fedha haikuwa na kazi kubwa huko mpaka ilipodaiwa na serikali.

Kusoma sarafu

Rupia za kwanza hazikutolewa na serikali ya Ujerumani. Zilitolewa na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, iliyopata haki ya kupiga sarafu. Kampuni ilifuata uzito wa rupia ya India kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitawala biashara ya pwani, na sarafu ngeni isiyolingana nayo isingepokelewa dukani.

Upande mmoja wa rupia ya kampuni una kifua cha Kaisari Wilhelm II akitazama kushoto, masharubu yamesokotwa juu, na kichwani amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Maandishi yanayomzunguka ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili una simba na mti wa jamii ya mnazi, jina la kampuni, thamani na mwaka. Zilipigwa za robo rupia, nusu rupia, rupia moja na rupia mbili. Ya rupia mbili ilitoka mwaka 1893 na 1894 peke yake, na kwa idadi ndogo, kwa hiyo ndiyo inayotafutwa zaidi katika kundi hili na bandia zake ni nyingi. Pamoja nazo kulikuwa na pesa ya shaba ya mwaka 1890 hadi 1892. Upande mmoja wa pesa hiyo una tai wa Kijerumani, na wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Kiislamu, ili mfanyabiashara wa pwani aisome bila taabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo. Simba akaondolewa, na nyuma ya rupia yakawekwa maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Hesabu za 64 nazo zikaachwa, rupia ikagawanywa katika heller 100. Rupia 15 zilikuwa sawa na maki 20 za Ujerumani. Kwenye sarafu hizi mkusanyaji hutafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Sarafu mbili za mwaka mmoja, zenye sura moja, zinaweza kutofautiana bei kwa ajili ya herufi hiyo, kwa kuwa kiwanda kimoja kilipiga nyingi na kingine chache.

Heller moja na nusu heller zilikuwa za shaba. Heller 5 ya mwaka 1908 na 1909 ilikuwa pande kubwa la shaba, zito kuliko rupia yenyewe. Haikudumu. Mahali pake pakachukuliwa na sarafu nyepesi ya nikeli iliyochanganywa na shaba, yenye tundu katikati, kama ile ya heller 10. Mtu aliweza kutunga hela zake kwenye uzi.

Tembo wa Tabora

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliziba bahari na sarafu mpya hazikuweza kufika. Serikali ya Kijerumani ilichapa noti hapa hapa nchini kwa karatasi za kila aina, na mwaka 1916 ikafungua kiwanda cha sarafu Tabora, ndani ya karakana ya reli.

Kiwanda hicho kilipiga aina tatu za sarafu. Heller 5 na heller 20 zilitengenezwa kwa shaba iliyookotwa huku na huku, yakiwemo maganda ya risasi. Zimepigwa vibaya: nyingine picha yake imekaa kando, nyingine maandishi hayasomeki vizuri. Heller 20 ina taji, herufi D.O.A., yaani Deutsch Ostafrika, na herufi T ya Tabora. Zilipigwa zaidi ya milioni moja, na ndiyo sababu heller 20 ya Tabora bado hupatikana kwa bei ya chini.

Ya tatu ni rupia 15 ya dhahabu. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, katika eneo la Iramba, na mihuri yake ilichongwa na sonara mwenye asili ya Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Upande mmoja una tai, na wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Ina gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Zilipigwa 16,000 na kitu. Katika minada ya Ulaya na Marekani sarafu hii huuzwa kwa maelfu ya dola, na wakusanyaji huiita tembo wa Tabora. Kazi ya kiwanda ilikwisha kabla ya majeshi ya Wabelgiji kuingia Tabora mwezi Septemba 1916. Kigoma ilikuwa imeshatekwa mwezi Julai, na Buha, yaani nchi ya Waha, ikabaki mikononi mwa Wabelgiji mpaka mwaka 1921.

Njia ya kufika Buha

Rupia ilipenya bara kwa njia ya kodi kuliko kwa njia ya biashara. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini baadaye serikali ilitaka fedha taslimu. Mtu mwenye ng'ombe na mihogo lakini asiye na rupia alilazimika kuitafuta: kwa kuuza mifugo, kwa kubeba mizigo, au kwa kufanya kazi katika reli ya kati, iliyofika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914.

Chini ya Waingereza safari hizo ziliongezeka. Kasulu na Kibondo zikawa chimbuko la manamba, vibarua walioandikishwa kwa namba na kupelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliporudi walikuwa na nguo, na shilingi zilizofungwa kwenye pindo. Ndiyo maana kopo la sarafu la mzee wa Buha mara nyingi huwa na mchanganyiko: hela yenye tundu, rupia moja au mbili, na shilingi nyingi za mfalme wa Uingereza.

Shilingi hizo huwapotosha wengi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919. Baada ya kujaribu florini kwa muda mfupi, ikaleta shilingi kuanzia mwaka 1921, yenye simba na milima nyuma yake. Florini moja ilichukua nafasi ya rupia moja, ikabadilishwa kwa shilingi mbili. Lakini fedha ilikuwa imepanda bei sana baada ya vita, kwa hiyo shilingi ya hadi mwaka 1946 ina robo tu ya fedha. Ya mwaka 1948 na kuendelea haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Zote hung'aa sawa zikisuguliwa, ila mwaka ulioandikwa ndio unaosema ukweli.

Sarafu na kijiko

Fedha ya kale ina adui mmoja mkubwa, naye ni moto wa sonara. Sarafu ilikuwa malighafi iliyokwisha pimwa: masonara wa pwani waliyeyusha riale na rupia wakapata vikuku, mitali na mirashi. Familia ikikwama, kikuku nacho kiliyeyushwa. Madini hayakupotea, lakini mwaka, herufi na sura vilipotea.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwingineko. Huko Marekani, katika karne ya 18 na 19, mafundi walitengeneza vijiko vya fedha kwa kuyeyusha sarafu, na mpaka leo vijiko hivyo hujulikana kwa jina la fedha ya sarafu. Uingereza ina wakusanyaji wengi wa vijiko vya kale na visanduku vya kuhifadhia majani ya chai, vilivyowekewa kufuli enzi ambazo chai ilikuwa ghali kiasi cha kuibwa na watumishi. Jina la kisanduku hicho kwa Kiingereza limetokana na kati, kipimo cha uzito cha Wamalay. Nyuma ya kijiko cha Kiingereza kuna mihuri midogo: simba anayetembea akionyesha kwamba fedha ni sehemu 925 kati ya 1,000, alama ya mji, kama nanga kwa Birmingham, herufi ya mwaka, na herufi za fundi. Anayesoma mihuri hiyo na anayesoma A, J au T kwenye rupia wanafanya kazi moja: kuuliza chombo kilitoka wapi, lini, na kwa mkono wa nani.

Kupima halisi na bandia

Rupia ya kweli hupimwa kwa vitu vitatu ambavyo si vigumu kupatikana. Cha kwanza ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, kwa hiyo sarafu inayonasa ina chuma ndani yake. Lakini shaba na risasi nazo hazinasi, na kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Cha pili ni mizani ya sonara. Rupia iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikisoma gramu 9 au 13 kuna tatizo.

Cha tatu ni maji. Bilauri ya maji huwekwa juu ya mizani na mizani hurudishwa sifuri. Kisha sarafu hufungwa kwa uzi mwembamba na kushushwa ndani ya maji bila kugusa chini wala ukingo. Mizani itasoma kama gramu 1.13. Uzito wa sarafu, 11.66, ukigawanywa kwa 1.13 hutoa 10.3, na hicho ndicho kiwango cha fedha ya rupia. Sarafu ya shaba ya manjano yenye uzito huo huo ingesoma karibu 1.37, kwa sababu lazima iwe nene zaidi ili ifikishe uzito.

Macho nayo hufanya kazi yake. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa mashine, na mistari ya ukingo wake imekatwa sawasawa. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, hivyo huwa na vitundu vya hewa, mshono kwenye ukingo, na herufi zilizovimba kama sabuni iliyolowa.

Uvumi na utapeli

Rupia imezungukwa na hadithi nyingi. Husemwa kwamba kuna rupia yenye nguvu inayovuta punje za mchele, inayozima kiberiti au inayotia ukungu kwenye kioo, na kwamba wanunuzi wa nje huilipia mamilioni. Hakuna sarafu ya Kijerumani yenye tabia hiyo. Fedha na shaba havivuti mchele. Hadithi hizo huishia kwenye ada: mwenye sarafu huombwa fedha za kipimo, za nauli ya mtaalamu au za kibali, na mnunuzi hatokei tena.

Hadithi ya pili ni ya hazina zilizofukiwa na Wajerumani walipokimbia, ambayo imewafanya watu wachimbe chini ya maboma, makaburi na miti mikubwa. Lakini sababu ya kiwanda cha Tabora ni kwamba sarafu ziliadimika. Serikali iliyokuwa ikifua heller kwa maganda ya risasi haikuwa na shehena za rupia za kufukia kila kilima.

Bei, utunzaji na sheria

Bei ya rupia ina sakafu na dari. Sakafu ni madini yake: rupia moja ina gramu 10.7 hivi za fedha safi, na bei ya fedha duniani hutajwa kila siku kwa wakia ya gramu 31.1. Rupia tatu, kwa hiyo, ni kama wakia moja. Anayeuza chini ya hapo amepunjwa. Dari hutegemea mambo mawili: zilipigwa ngapi mwaka huo na kwa herufi hiyo, na hali ya sarafu yenyewe. Kuna miaka ambayo rupia zilipigwa milioni moja na zaidi, na sarafu ya miaka hiyo iliyochakaa haipandi mbali na sakafu. Ile ambayo nywele za masharubu ya Kaisari bado zahesabika ni habari nyingine. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hushuka bei, ingawa kwa mwanahistoria tundu hilo nalo ni ushahidi.

Kosa linaloharibu sarafu nyingi ni kuisafisha. Weusi wa fedha hutokana na salfa iliyo hewani na katika moshi wa jikoni, na utando wake hukinga sarafu. Majivu, mchanga, limau na dawa ya meno huuondoa pamoja na ngozi ya sarafu, na mikwaruzo haifutiki. Sarafu yenye udongo huloweshwa katika maji safi, hukaushwa kwa kugusishwa kitambaa laini, na hushikwa ukingoni. Huhifadhiwa moja moja katika bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na mifuko ya plastiki laini inayotoa mafuta.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Rupia ya Mjerumani ni changa kuliko tarehe hiyo. Sarafu za kale za Kilwa zimo ndani yake, na aliyeziokota anatakiwa kutoa taarifa. Kuchimba ili kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa, na maboma yaliyotangazwa kuwa kumbukumbu hayaguswi. Mwenye shaka huanza kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, na kutoka hapo hufika Idara ya Mambo ya Kale.

Juu ya kila bahasha mkusanyaji makini huandika mambo manne: aina ya sarafu na mwaka wake, uzito, mahali ilipopatikana, na aliyekuwa nayo kabla. Mawili ya kwanza yanaweza kusomwa tena wakati wowote. Mawili ya mwisho hayamo kwenye madini. Kama sarafu ile ilirudi Kibondo ndani ya pindo la manamba au ilipokelewa Kasulu kwa kuuza mbuzi wa kodi, anayejua ni mzee aliyeitoa kwenye kopo, na yasipoandikwa siku hiyo hayaandikiki tena.